Gari kuukuu na oili: jinsi ya kupata namba yako mwenyewe ya kumwaga oili hapa Mwanza

Gari langu ni IST ya 2003, injini 2NZ-FE, na nililinunua mkononi mwa mtu pale Nyegezi. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na stika ya gereji: servisi nyingine baada ya kilomita 3,000. Nikaiamini stika. Siku moja napanda Isamilo, kwenye kona, taa nyekundu yenye umbo la birika ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Nikasimama, nikazima injini, nikavuta stiki ya oili. Kavu. Nilimimina lita mbili nzima ndipo ikafika alama ya juu, na injini ile inabeba lita 3.7 tu. Kwa mujibu wa stika, nilikuwa bado nimebakiza kilomita 900.

Fundi niliyempelekea aliniambia, "Kaka, oili yako bado mpya hii, ina kilomita 2,100 tu." Alisema kweli. Oili ilikuwa bado mpya, ila haikuwepo. Tangu siku ile nimeelewa kwamba mwenye gari kuukuu ana maswali mawili, na wengi wetu tunauliza moja. Tunauliza "nimwage oili kila kilomita ngapi?" na hatuulizi "gari langu linakula oili kiasi gani?" Jibu la swali la pili ndilo linalotangulia. Ukilijua hilo, namba ya kumwaga oili inapatikana kwa hesabu ya dakika tano.

Namba zinazozunguka mtaani zimetoka wapi

Ukisimama kwenye gereji yoyote kuanzia Igoma hadi Kirumba utasikia namba tatu: 3,000, 5,000 na 10,000. Kabla ya kuziamini, tazama kwanza kitabu cha gari kinasema nini.

Magari yetu mengi yametoka Japani, yakiwa na vitabu vya Kijapani ambavyo hatuvisomi. Kwa magari ya petroli yasiyo na tabo (turbo, pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi), Toyota huko kwao huandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kwa kutegemea kipi kinatangulia. Ila kitabu hicho hicho kina mstari wa pili, wa gari linaloishi maisha magumu: hapo namba inashuka hadi kilomita 7,500 au miezi sita. Yenye tabo yanaanzia 5,000, na kwa maisha magumu yanashuka hadi 2,500. Na maisha magumu kwao ni nini? Barabara mbovu, vumbi, safari fupi zisizozidi kilomita nane mara kwa mara, kusimama huku injini inanguruma, na vilima vingi. Soma tena orodha hiyo ukiwa umeketi kwenye foleni ya Mabatini saa moja asubuhi. Wametuandika sisi.

Tena namba hizo ni za injini ambayo ringi zake, yaani pete za pistoni, bado zinabana. Injini ya miaka ishirini inapitisha moshi wa mwako kwenda chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na moshi huo unaichosha oili haraka kuliko kitabu kilivyodhani.

Namba ya 3,000 ina asili nyingine, na hii nimeipata kwa kukaa na shemeji yangu anayemiliki Hiace ya abiria. Gari lake linatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, saa kumi na tano hivi injini iko hai, na kwa siku linatembea kama kilomita 180. Gawanya: ni mwendo wa wastani wa kilomita 12 kwa saa. Matrekta na majenereta mengi humwagwa oili kila saa 250 za kazi. Saa 250 mara kilomita 12 ni kilomita 3,000 kamili. Kwa daladala, basi, stika ya 3,000 ni sahihi kabisa. Kosa linaanza pale gereji inapoibandika stika hiyo hiyo kwenye gari la mwalimu anayetoka Kisesa kwenda kazini na kurudi, na kwenye gari la mfanyabiashara anayekwenda Shinyanga kila wiki kwenye lami tupu.

Namba ya 10,000 kwa kawaida imetoka kwenye maandishi ya galoni. Galoni halijui umri wa gari lako.

Jua una injini gani

Fungua boneti. Kwenye kibati cha ukutani, karibu na injini, tafuta maandishi yanayoanza na namba au herufi: 1NZ-FE, 5A-FE, 3S-FE, 1ZZ-FE, 5L, na kadhalika. Yaandike kwenye daftari dogo, na daftari hilo likae ndani ya gari siku zote. Kisha uandike ujazo wa oili. 1NZ na 2NZ zinachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Ukiondoka gereji na galoni la lita nne tupu, mtu amekuzidishia oili, au amebakiza yake.

Injini moja naitaja kwa jina kwa sababu imejaa mjini: 1ZZ-FE, iliyoko kwenye Premio, Allion, Spacio na RAV4 nyingi za lita 1.8. Zile za mwanzo, kabla ya mwaka 2002 hivi, zinajulikana duniani kote kwa kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, na ringi ya chini inashindwa kuifuta oili ukutani mwa silinda. Kama unayo, usimlaumu dereva wako wala kijana wa gereji. Pima stiki mara mbili ya wengine.

Anza na sifuri

Kama hujui oili iliyomo iliwekwa lini na ni ya aina gani, usihesabu kutoka popote. Mwaga yote, badilisha filta, andika kilomita za siku hiyo. Hiyo ndiyo sifuri yako.

Mzunguko huu wa kwanza uwe mfupi, kilomita 2,000 mpaka 2,500. Oili nzuri ina dawa ya kusafisha, na ikiingia kwenye injini iliyokaa miaka na oili duni itaanza kubandua uchafu mweusi uliogandamana kwenye hedi, kichwa cha injini. Unautaka uchafu huo utoke taratibu, unaswe na filta, umwagwe. Wapo mafundi watakaokushauri kuzungusha dizeli au mafuta ya taa ndani ya injini ili "kuiosha". Kwa injini kuukuu nakuomba ukatae. Mabonge yakibanduka kwa mpigo yanakwenda kuziba wavu wa pampu ya oili, na hapo krenki, ekseli kuu inayozunguka ndani ya injini, inabaki bila oili.

Stiki kila Jumamosi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanza ni mji wa miamba na miteremko. Gari lililoegeshwa na pua ikitazama chini linatoa kipimo cha uongo, na lililotazama juu linatoa uongo mwingine. Chagua sehemu moja tambarare na uitumie hiyo hiyo kila wiki: mbele ya geti lako, au kituo cha mafuta unachojaza siku zote. Mimi napima asubuhi kabla sijawasha, oili yote ikiwa imeshuka sampuni usiku. Ukilazimika kupima safarini, zima na usubiri dakika tano hadi kumi. Vuta stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, vuta tena. Kipimo cha kwanza huwa kimepakaa hovyo, cha pili ndicho cha kuamini.

Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye magari madogo mengi, ni kama lita moja. Andika kwenye daftari: tarehe, kilomita, oili imefika wapi (juu, robo tatu, nusu, robo, chini). Ukiongeza, andika umeongeza kiasi gani. Usiongeze kwa macho. Tafuta chupa ya maji ya nusu lita, safi na kavu, upimie hiyo.

Baada ya wiki sita hadi nane daftari linaanza kusema. Kwa kilomita 5,000 ukiongeza nusu lita au pungufu, hongera, injini yako ni nzima kuliko umri wake. Lita moja kwa kila kilomita 2,000 au 3,000 ni ulaji wa uzee. Unaishi nao, ila stiki haikwepeki. Lita moja kwa kila kilomita 1,000 ndio mpaka ambao hata viwanda vingi huutaja kuwa wa mwisho. Langu lilikuwa hapo.

Kabla hujakubali habari ya ovahoo, yaani kufungua injini nzima, chunguza vitu viwili. Kwanza ni valvu ya PCV, kidude kidogo kinachorudisha mvuke wa sampu kwenye hewa ya injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na kuisukuma oili itoke kila penye upenyo. Ikibaki wazi muda wote, injini inaivuta oili na kuichoma. Ni kitu cha bei ndogo na cha dakika chache. Pili, tazama moshi. Wa bluu unaotoka asubuhi unapowasha, kisha ukakata, ni dalili ya valvu sili (vimpira vya kuzuia oili isipite kwenye valvu) zilizokauka: oili imedondoka usiku juu ya valvu. Wa bluu unaotoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima, kwa mfano kuelekea Bugando, unaelekeza kwenye ringi. Langu lilikuwa na mawili: PCV iliyoziba na sili ngumu kama plastiki. Baada ya kubadilishwa, likashuka hadi lita moja kwa kilomita 3,000, na injini haikufunguliwa chini.

Kuna wanaosema, "Gari langu naliongezea oili kila mara, kwa hiyo yake ni mpya daima." Nimelisikia hili kwa watu ninaowaheshimu. Oili unayoongeza inaleta dawa mpya, ni kweli. Lakini masizi, vumbi na chembe za chuma zilizokwisha kuingia hazipungui kwa kuongeza, na filta inabaki ile ile iliyojaa.

Hesabu saa, siyo kilomita peke yake

Wavuvi wa Igombe na Kayenze wanaotumia injini za stroki nne kwenye mitumbwi hawana kilomita za kuhesabu. Wanahesabu saa. Nasi tungefaidika kuwaiga, kwa sababu injini haijui kama gari linatembea au limesimama. Inajua imezunguka muda gani na ikiwa na joto gani.

Kwa wiki mbili, andika muda ambao injini imekuwa hai na kilomita ulizotembea. Foleni ya Buzuruga imo, kumsubiri mtoto nje ya shule huku kiyoyozi kinafanya kazi imo. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, kusubiri pantoni kulikuwa kunaongeza saa nzima kwa wale wasiozima injini. Gawanya kilomita kwa saa. Mimi kutoka Buhongwa hadi mjini, kilomita kama 13, asubuhi natumia dakika arobaini na zaidi: wastani wa kilomita 18 kwa saa. Zidisha na 250: kilomita 4,500.

Kwa gari la barabara kuu hesabu hii itakupa namba kubwa mno. Anayekwenda Musoma na kurudi kwa wastani wa 60 ataambiwa 15,000, ambayo ni ya injini mpya. Kwa gari lililopita miaka kumi na tano mimi sivuki 7,000, hata safari ziwe za lami tupu na oili iwe ya gharama.

Safari fupi zina ubaya wao wa peke yake. Kila lita ya petroli inayoungua inazaa maji karibu lita moja. Injini ikiwa ya moto, maji hayo yanatoka kwenye ekzosi kama mvuke na hakuna anayeyaona. Ikiwa bado baridi, sehemu yake inapenya kwenye ringi na kushuka sampuni, pamoja na petroli ambayo haijaungua. Mshale wa joto la maji unapanda mapema, lakini oili inachelewa, inahitaji dakika kumi hadi kumi na tano za mwendo. Mtu anayetoka Pasiansi kwenda Kirumba, anazima, anarudi, anazima, kila siku, hafiki hapo kamwe. Anaweza kutembea kilomita 300 tu kwa mwezi na bado oili yake ikachoka kuliko ya lori. Huyo ahesabu miezi, na mara moja kwa wiki alitoe gari hadi Usagara au Kisesa na kurudi bila kuzima.

Sasa upate namba

Chukua 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Hiyo ni ya petroli isiyo na tabo. Halafu punguza kwa ukweli wa maisha ya gari lako.

Kama safari zako nyingi hazifiki kilomita nane, toa 1,000. Kama nusu ya mwendo wako au zaidi ni barabara za udongo, mfano mitaa ya ndani ya Buswelu na Kishiri, au unaenda mashamba ya Misungwi, toa 1,000, hasa kiangazi cha Juni hadi Septemba vumbi linapokuwa kama unga. Hapo eakilina (chujio la hewa ya injini) ina kazi kubwa kuliko oili yenyewe: vumbi linaloingia kwenye oili hupitia kwanza kwenye eakilina iliyochanika au iliyokaa vibaya. Ikague kila mwezi, na ukikuta vumbi upande wa ndani, ule unaoelekea injini, ibadilishe siku hiyo hiyo. Kama gari linakula lita moja kwa kila kilomita 2,000, au linakula oili zaidi ya hapo, toa 500, maana pengo linalopandisha oili juu ndilo linaloshusha moshi chini. Kisha linganisha na namba ya saa 250, uchukue ndogo.

Ikikutokea chini ya 3,000 na gari si la biashara, usiendelee kupunguza. Kumwaga oili kila kilomita 2,000 ni kuihonga injini inayoomba matengenezo. Fedha hiyo ipeleke kwenye ringi.

Dizeli za zamani, zile Hilux na Hiace za 2L, 3L na 5L, naanzia 4,000 kwa mjini na 5,000 kwa safari. Oili yake itakuwa nyeusi ndani ya siku chache baada ya kumwaga, na haina maana yoyote mbaya. Weusi huo ni masizi, na oili inayoyabeba masizi badala ya kuyaacha yagande inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Langu limeangukia 4,500. Kwa mwezi natembea kama kilomita 900, kwa hiyo ni miezi mitano. Daftari linasema hivyo, na stika nimeibandua.

Oili ipi

Namba ya kumwaga oili haina thamani kama oili yenyewe ni ya kubahatisha. Kwenye galoni tazama mambo mawili. La kwanza ni uzito: 5W-30, 10W-40, 20W-50. Namba yenye W ni tabia ya oili ikiwa baridi, ya pili ni ikiwa ya moto. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zetu ni za nyuzi 17 hadi 20 hivi, hatuna baridi ya Makete. Kwa hiyo 10W-40 inaanza vizuri hapa, na kwa injini ya petroli iliyochoka kiasi ndiyo ninayoipenda. Injini nzima yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) naipa 5W-30, kwa sababu vijia vya oili kwenye mfumo ule ni vyembamba. 20W-50 iwe ya injini iliyolegea kweli, inayowasha taa ya oili ikiwa ya moto. Kuiweka kwenye kila gari kwa sababu "ni zee" ni kuinyima oili dakika ya kwanza ya asubuhi, dakika ambayo vyuma vinasagana zaidi.

La pili ni herufi za API, alama za daraja la ubora wa oili. Kwa petroli zinaanza na S: SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. Yenye herufi ya mbele zaidi katika alfabeti, yaani ya karibuni, inafaa kwa gari la zamani, kwa hiyo SN kwenye gari la 1998 haina tatizo. Kwa dizeli zinaanza na C, na CI-4 inatosha sana kwa magari haya. Galoni lisilo na herufi hizo liache dukani.

Oili ya kupima kwenye pipa siinunui tena, na galoni nalifungua mwenyewe. Niliwahi kuuziwa oili yenye jina kubwa ambayo kizibo chake kilifunguka bila kukatika. Ilikuwa nyepesi kama maji ya ugali, na baada ya wiki mbili ilinuka. Nunua kwa wakala au kituo cha mafuta unachokijua, dai risiti. Na galoni likiisha, litoboe kwa msumari kabla ya kulitupa, wasije wakalijaza.

Siku ya kumwaga

Ukienda gereji, simama pale pale. Ukifanya nyumbani, tembea kwanza dakika kumi oili ipate joto, kisha egesha tambarare, weka mawe nyuma ya matairi, inua kwa jeki na uegemeze kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Nati ya sampu kwenye Toyota nyingi ndogo ni spana 14. Fungua, uache itiririke mpaka idondoke tone moja moja, dakika kumi na tano. Badilisha washa, ile pete ya nati. Ukifunga, kaza kwa mkono mmoja na spana fupi. Sampu nyingi za magari kuukuu zimeharibiwa meno na mafundi wenye nguvu.

Filta mpya kila mara. Hakikisha mpira wa filta kuukuu haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, maana mpira wa pili ukikaa juu yake oili yote itamwagika barabarani. Paka mpira mpya oili safi, zungusha mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Mimina oili pungufu kidogo ya ujazo, washa, subiri taa izime, acha nusu dakika, zima. Pima baada ya dakika tano, ongeza mpaka karibu na alama ya juu. Usivuke. Oili iliyozidi inachapwa na krenki, inakuwa povu, na povu halibebi chuma.

Pale usiposubiri namba

Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, na safari zako ni fupi fupi, jaribu kwanza safari ndefu. Utando ukirudi, au maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi ya hedi, usiendeshe. Stiki ikionyesha oili imepanda bila wewe kuongeza, kuna petroli au maji yameingia: mwaga, na utafute chanzo. Ikinuka petroli, vivyo hivyo. Ukipita kwenye maji ya mafuriko yaliyofika kwenye injini, msimu wa mvua Mto Mirongo unapofurika, vuta stiki kabla ya kuwasha tena.

Rangi peke yake isikutishe. Ukitaka kipimo cha bure, dondosha tone la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, uiache usiku kucha. Tone likisambaa taratibu kutoka weusi kwenda hudhurungi, oili bado inaubeba uchafu. Likibaki duara jeusi katikati lenye ukingo mkali, kazi yake imeisha.

Oili chafu

Oili uliyoimwaga isiende mtaroni. Mitaro ya mjini inashuka Mirongo, Mirongo inaingia ziwani, na maji ya bomba letu yanatekwa ziwa hilo hilo, Capri Point na Butimba. Inabeba vyuma na masizi yote ambayo umetumia miezi mitano kuyakwepa yasiiguse injini yako. Sipendi pia kuiona ikipakwa kwenye mbao za banda la kuku au kumwagwa uani kuua vumbi watoto wakicheza hapo. Irudishe kwenye kidumu kwa faneli, funga, mpelekee fundi mwenye pipa la kukusanyia, na umuulize pipa likijaa linakwenda kwa nani.

Usiku huo tandika kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, kiangalie kama kina doa, vuta stiki, kisha fungua ukurasa mpya wa daftari: tarehe, kilomita, oili juu.